Tumbo Linapokusaliti Barabarani: Mwongozo Kamili kwa Wakimbiaji

Mwaka 1996, kwenye marathoni ya Boston, Mjerumani Uta Pippig alikimbia akisumbuliwa na maumivu ya tumbo na kuharisha, na bado karibu na mwisho akampita Tegla Loroupe wa Kenya, akashinda. Mwaka 2005 mjini London, Paula Radcliffe wa Uingereza alisimama kando ya barabara, akajisaidia mbele ya kamera za dunia nzima, akainuka na kushinda kwa saa 2:17:42. Nawataja hawa mapema kwa sababu kwetu jambo hili hufichwa sana. Katika vikundi vya jogingi mtu atakueleza habari za goti lake na kisigino chake mpaka uchoke, ila la tumbo hasemi. Anaanza tu kukosa mbio ndefu za Jumamosi, na mwisho anajiaminisha kwamba Mungu hakumpa mwili wa kukimbia masafa.

Si kweli. Tafiti nyingi hukadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya wanaokimbia masafa marefu hupata shida ya tumbo: kichefuchefu, kiungulia, kubeua, gesi, msokoto, haja inayobana ghafla, kuharisha. Sehemu kubwa ya shida hizo inarekebishika bila dawa, kwa sababu tumbo hufundishika kama yanavyofundishika mapafu na miguu. Linataka utaratibu na wiki kadhaa za uvumilivu.

Kinachotokea ndani

Unapokimbia, mwili unapeleka damu nyingi kwenye misuli inayofanya kazi na kwenye ngozi ili kujipoza. Tumbo na utumbo hubaki na kidogo. Mtu akikimbia kwa nguvu sana, damu inayofika huko inaweza kupungua hadi kwa asilimia 80. Utumbo uliopungukiwa damu haunyonyi chakula vizuri. Sukari iliyobaki humo huvuta maji kuingia ndani ya utumbo, na bakteria wa utumbo mpana wakiipata wanaichachusha. Hapo ndipo gesi, msokoto na kuharisha vinapoanzia.

Yapo mengine yanayozidisha. Kila hatua inatikisa matumbo, na ndiyo maana wakimbiaji hubanwa na haja kuliko waendesha baiskeli. Joto linavuta damu zaidi kwenda kwenye ngozi, kwa hiyo kasi ambayo tumbo lako huimudu Arusha asubuhi ya Julai inaweza kukushinda Dar es Salaam mwezi Februari. Ukipungukiwa maji, tumbo linachelewa kumwaga kilichomo. Na wasiwasi wa siku ya mashindano peke yake unatosha kuharakisha utumbo mpana, hata kama hujala kitu.

Kwa hiyo mambo ya kushughulikia ni haya: unakula nini, unakula saa ngapi, unakunywa vipi, unakimbia kwa kasi gani katika joto gani.

Hatua ya 1: Hakikisha si ugonjwa

Jiulize swali moja: dalili zinakuja ukikimbia tu, au hata ukiwa umekaa nyumbani? Kama tumbo la juu linauma ukiwa na njaa, kama kiungulia kinakuamsha usiku, kama unaharisha na kuacha kwa wiki kadhaa, usitafute jibu kwenye ratiba ya mazoezi. Vidonda vya tumbo, giardia (kijidudu cha utumbo), amiba na minyoo ni mambo ya kawaida huku kwetu na vipimo vyake vinapatikana. Nenda kapime.

Ninalolisisitiza zaidi ni kuacha ile tabia ya kupita duka la dawa na kununua metronidazo kila tumbo linaposokota. Dawa hiyo inaua wadudu wanaodhaniwa wapo na pia bakteria wazuri wa utumbo, na mkimbiaji ambaye shida yake ilikuwa maharage ya mchana atabaki na shida ileile, pengine na kubwa zaidi.

Usisubiri hata kidogo ukiona damu kwenye choo, choo cheusi tii kinachonata, kutapika damu, kupungua uzito bila sababu, homa, au kuharisha kunakokuamsha usingizini. Na kwa mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea: maumivu ya kifua yanayokuja ukikimbia na kutulia ukisimama, usiyaite kiungulia. Simamisha mazoezi mpaka moyo uchunguzwe.

Wanaomeza vidonge vya madini ya chuma, hasa akina dada, wajue kwamba vidonge hivyo huweza kulichafua tumbo na kufanya choo kiwe cheusi bila kuwapo damu. Mweleze daktari kwamba unavitumia.

Hatua ya 2: Daftari la wiki mbili

Kabla ya kubadili chochote, andika. Ulikula nini katika saa 24 kabla ya mbio na saa ngapi, ulikunywa nini, ulikwenda chooni saa ngapi, ulikimbia umbali gani na kwa kasi gani, jua lilikuwaje, dalili ilianza kilomita ya ngapi. Wanawake waandike pia siku za hedhi: kemikali zinazokaza mji wa mimba siku hizo hukaza utumbo pia, na choo kuwa chepesi ni jambo la kutarajiwa.

Baada ya wiki mbili utaanza kuona mpangilio. Dalili za juu, yaani kichefuchefu, kiungulia na kubeua, mara nyingi zinaelekeza kwenye chakula kilicholiwa karibu mno na mbio, mafuta, kinywaji kitamu kupita kiasi, au kuanza kwa kasi. Dalili za chini zinaelekeza zaidi kwenye nyuzinyuzi, maziwa, kahawa na mlo wa jana yake. Ukishaona mpangilio, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiacha maziwa, maharage na kahawa siku moja, hutajua mkosaji alikuwa nani, na utaishi ukikwepa vyakula vitatu kwa kosa la kimoja.

Hatua ya 3: Saa za kula na saa ya choo

Mlo kamili uwe umeliwa saa 3 hadi 4 kabla ya mbio ngumu au ndefu. Mlo mdogo, kama ndizi mbivu au vipande viwili vya mkate mweupe na asali, saa 1 hadi 2 kabla. Mafuta ndiyo yanayochelewa kutoka tumboni kuliko vyote. Anayekula chipsi mayai saa 8 mchana na kwenda uwanjani saa 11 jioni anakimbia na chipsi zile bado ziko tumboni. Chapati, vitumbua, maandazi na sambusa ni hivyo hivyo.

Wanaokimbia alfajiri wana nafuu. Kwa mbio nyepesi isiyozidi saa 1 huhitaji kula kitu kwanza. Maji kidogo yanatosha. Wakimbiaji wengi wa Bonde la Ufa huko Kenya huanza siku hivyo, na chai yenye maziwa na sukari inafuata baada ya mazoezi. Mpangilio huo unafaa kuigwa, hasa na mtu anayeharisha kila akikimbia baada ya chai ya maziwa mazito.

Maziwa yanahitaji neno la ziada. Watu wazima wengi wa Afrika hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa, ingawa jamii za wafugaji kama Wamasai kwa sehemu kubwa wanacho kwa urithi. Kama kikombe cha maziwa kinakuletea gesi hata siku ya mapumziko, umeshapata jibu. Yaache saa 24 kabla ya mbio muhimu. Mtindi huvumilika zaidi, kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo.

Kuhusu choo: utumbo mpana una saa zake, na unaweza kuzoezwa. Amka saa 2 kabla ya kutoka, kunywa kikombe cha maji ya vuguvugu au chai ya rangi, kula kitu kidogo. Chakula kikigusa tumbo, utumbo mpana unapata ishara ya kusukuma. Kahawa inafanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inywe mapema, nyumbani, choo kikiwa karibu. Usiinywe dakika 10 kabla ya filimbi. Fanya hivi kila siku ya mbio ndefu, kwa saa zilezile, na baada ya wiki chache mwili utakuwa umezoea.

Hatua ya 4: Siku mbili za mwisho, punguza nyuzinyuzi

Hapa ndipo wengi wanapoumia kwa nia njema. Wiki ya mashindano mtu anaamua kula "vizuri": dona, mchicha, matembele, kunde, parachichi, matunda ya kila aina. Ni vyakula bora kwa mwaka mzima. Kwa saa 48 kabla ya mbio ni mzigo, maana nyuzinyuzi haziyeyushwi. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, zinavuta maji, zinachachuka.

Kwa hiyo hamia kwenye ugali wa sembe badala ya dona, wali mweupe, viazi vilivyomenywa, ndizi zilizopikwa, mkate mweupe, uji mwepesi wa sembe au wa mchele. Kitoweo kiwe samaki, kuku au yai, kwa kiasi, bila mafuta mengi. Maharage, kunde, dengu na choroko ziweke pembeni; kabichi, vitunguu vingi, mahindi ya kuchoma na matunda yenye makapi nazo zisubiri. Pilipili pia, kama daftari lako linaitaja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya wakimbiaji bingwa wa Kikalenjin wa Kenya ulikuta karibu robo tatu ya nishati yao inatoka kwenye wanga, na mafuta ni kidogo. Ugali ndio uliokuwa nguzo. Huhitaji vyakula vya kuagiza kutoka nje ili kulisha mbio.

Usiku wa mwisho usishibe mpaka kukosa pumzi. Sahani kubwa iwe ya mchana wa siku iliyotangulia, usiku iwe ya kawaida. Na usile usichokizoea. Anayesafiri kwenda Moshi kwa mbio za Kilimanjaro akakutana na mtori na nyama choma jioni ya Jumamosi, avifurahie Jumapili mchana, akishamaliza.

Hatua ya 5: Kulizoeza tumbo kula likiwa mbioni

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa na ndiyo inayorukwa. Mtu anafanya mazoezi miezi minne kwa maji matupu, kisha siku ya mashindano anameza geli tatu (vipakiti vya wanga mzito vya wakimbiaji) alizogawiwa bure njiani. Tumbo halijawahi kuziona, linakataa.

Kwanza ujue kama unahitaji. Mbio isiyozidi saa 1 haihitaji zaidi ya maji. Kati ya saa 1 na saa 2 na nusu, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha. Zaidi ya hapo, waliozoea hufika gramu 90 kwa saa, mradi sukari ziwe za aina mbili, glukosi na fruktosi, kwa kuwa kila moja ina mlango wake wa kupitia kwenye ukuta wa utumbo. Mlango wa glukosi ukijaa, fruktosi bado inapita kwa mlango wake. Sukari ya kawaida ya mezani imeundwa na hizo mbili nusu kwa nusu, na asali nayo ina zote mbili. Ile glukosi ya unga ya kwenye pakiti ni ya mlango mmoja tu.

Vipimo vya kukumbuka: ndizi mbivu ya wastani ina karibu gramu 25 za wanga, kijiko cha chakula cha asali karibu 17, geli nyingi 20 hadi 25. Soda ina takribani gramu 10 au 11 katika kila mililita 100. Huo ni mkolezo mzito kwa tumbo linalokimbia. Kiwango kinachopita vizuri ni gramu 4 hadi 8. Soda na juisi basi zizimuliwe nusu kwa nusu na maji, na soda itolewe gesi kwanza.

Kinywaji cha kujitengenezea nyumbani: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 10 hadi 12 vya kusawazisha, chumvi robo kijiko cha chai, ndimu kwa ladha. Unapata karibu gramu 40 hadi 48 za wanga kwa lita. Nusu lita yake kwa saa pamoja na ndizi moja inakupa gramu 45 hadi 50, na hiyo inatosha nusu marathoni ya watu wengi. Usichanganye na maji ya kuzuia upungufu wa maji kwa anayeharisha. Yale yana sukari kidogo na chumvi zaidi, kwa kazi nyingine.

Mazoezi yenyewe yaende hivi. Wiki 8 kabla ya mashindano, kwenye mbio ndefu ya wiki, anza na gramu 20 kwa saa, kwa mafunda madogo kila dakika 15 au 20. Likitulia, panda kwa gramu 10 kila wiki au kila wiki mbili hadi kufikia kiwango unachokitaka. Likigoma, rudi kiwango cha wiki iliyopita, usiache kabisa. Tumia chakula kilekile na kasi ileile utakayoitumia siku yenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walionyesha kwamba hata wiki mbili za kujilisha wakati wa kukimbia hupunguza dalili za tumbo. Wewe una wiki 8.

Geli inywewe na maji, kamwe isishushwe kwa kinywaji cha sukari. Ukivichanganya viwili hivyo, mkolezo tumboni unapanda na maji yanavutwa kwenda utumboni badala ya kwenda mwilini.

Maji nayo yana kipimo. Jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu, ukiwa umejifuta jasho. Kila kilo 1 iliyopungua ni takribani lita 1 ya maji. Kupungua hadi asilimia 2 ya uzito wako si tatizo. Kuongezeka uzito ndiyo hatari: umekunywa kupita jasho ulilotoa, na chumvi ya damu inazimuliwa. Kichefuchefu, kichwa kuuma, vidole kuvimba na kuchanganyikiwa kwa mtu aliyekunywa maji kila kituo kwa saa 5 ni dharura ya hospitali, na kumwongezea maji ni kumdhuru.

Hatua ya 6: Dawa za kuepuka

Usimeze ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini kabla au wakati wa mbio ndefu. Zinaumiza ukuta wa utumbo ambao tayari umenyimwa damu, na pamoja na upungufu wa maji zinaweza kuumiza figo. Najua wengi hunywa "kuzuia maumivu yasije". Kama una maumivu yanayohitaji dawa kabla hujaanza, hiyo si siku ya kukimbia marathoni. Kwa maumivu ya hedhi, parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi kwa tumbo. Vidonge vya kufunga choo visitumike kwa mara ya kwanza siku ya mashindano, na visitumike kabisa ukiwa na homa au damu kwenye choo.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mbio nyingi za kwetu huanza kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi. Amka saa 9 au 10 usiku, kula kile ulichokizoeza, nenda chooni nyumbani au hotelini, kisha tena uwanjani mapema kabla foleni haijawa ndefu. Beba tishu yako. Mkanda wa chupa na suruali visibane tumbo.

Kilomita za kwanza ziwe za polepole kuliko unavyotaka. Kasi ya kilomita za mwanzo inaweza kuliharibu tumbo hata kama ulikula vizuri. Kule Moshi njia inapanda kuelekea Mweka. Kula na kunywa kabla ya mlima, pumzi ikiwa bado ipo, maana ukiwa katikati ya kupanda, damu nyingi imeshaitwa miguuni.

Shida ikija njiani, fanya hivi. Kichefuchefu: shusha kasi au tembea, acha sukari kwa dakika 15 au 20, piga mafunda ya maji tu, jimwagie maji kichwani na shingoni. Ukitapika, tembea kwanza, suuza mdomo, anza tena kwa mafunda. Ukitapika mara ya pili na ya tatu, nenda kwenye hema la huduma ya kwanza. Haja ikibana: tembea, pumua polepole, ngoja wimbi lipite, kisha jogi taratibu mpaka choo. Ukiongeza kasi ili uwahi, inabana zaidi. Kwa mbio za mazoezi panga njia inayopita kwenye sheli, msikiti au hoteli yenye choo. Ukijua choo kiko kilomita 2 mbele, hata wasiwasi unapungua, na wasiwasi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Kichomi cha ubavuni kina dawa yake: shusha kasi, bonyeza pale panapochoma, inama kidogo mbele na utoe pumzi yote polepole mara kadhaa. Kama kinarudi kila wiki, acha juisi na milo mikubwa ndani ya saa 2 kabla ya mbio.

Wakati wa Ramadhani

Anayefunga ana nafasi mbili nzuri. Ya kwanza ni dakika 40 hadi 60 kabla ya magharibi, kwa mbio nyepesi tu, tumbo likiwa tupu na maji yakiwa karibu. Ya pili ni baada ya tarawehe, mradi futari iwe imegawanywa: tende na uji au maji kwanza, sala, mbio, kisha ndiyo mlo mkubwa. Mihogo ya nazi, kaimati na sambusa vikitangulia mbio, kiungulia kimeshakuja. Mbio ndefu na ngumu ziahirishe mpaka baada ya Idi.

Ukishamaliza

Usilale chini mara tu baada ya kuvuka mstari. Tembea dakika 10. Anza na mafunda ya maji au kinywaji chenye chumvi kidogo, kisha kitu chepesi, ndizi au uji. Mlo wa nguvu usubiri mpaka njaa ya kweli ije, kwa kawaida saa 1 au 2. Tumbo kuwa jepesi siku hiyo hiyo si ajabu. Likiendelea kuharisha zaidi ya saa 48, ukikosa mkojo au mkojo ukawa wa rangi ya soda nyeusi, au ukaona damu, nenda kituo cha afya na umwambie daktari ulikimbia umbali gani, kwenye joto gani, na ulimeza nini.

Kisha fungua daftari, uandike ilivyokuwa, ukiwa bado unakumbuka kilomita na saa.